Pedali ya Kushoto

Kompyuta yangu ya zamani ilikufa Ijumaa.
Skrini ilifanya michirizi kama kanga iliyochujuka,
kisha giza. Miaka tisa.
Nikaifunika kitambaa, nikaipandisha juu ya kabati
ikae na pasi ya mkaa.

Jumapili Nusura, binti wa dada yangu, kashuka basi la Arusha
na nyingine begani: ya mtumba, nyepesi,
herufi F imefutika.
"Mjomba, mfumo wake si ule wako. Huu ni wa bure.
Utauzoea."
Utauzoea: neno la mtu aendaye zake.
Kesho yake kweli akaenda.
Ndiyo Tanga, waja leo, waondoka leo.

Nimekaa barazani, Barabara ya Kumi na Tano,
na wiki moja mkononi. Fundi Sechambo wa baiskeli
kalipa nusu, ataka tovuti: picha, bei za matairi,
na namba ya simu "isomeke bila miwani".

Mkono waenda kulia kufunga dirisha:
kitufe hakipo. Kimehamia kushoto.
Natafuta programu yangu, ile niliyojengea
duka la magodoro, madrasa, kinyozi wa Chumbageni:
haimo, wala haitakuja. Haijui lugha ya huku.
Nimekuwa mpishi katika jiko la wakwe,
pilau naijua, chumvi siioni.

Basi nikachagua. Ya kwanza ilikuwa nene,
ikala nusu ya bando kabla haijasema salamu,
ikataka barua pepe, ikataka kadi ya benki,
feni ikavuma kama mashine ya kukoboa.
Nikaifuta.
Ya pili, mrembo. Haitaki uandike kitu:
waburuta sanduku, waachia, yenyewe yaandika.
Nikachungulia nione imeandika nini.
Mistari mia nne kwa neno Karibu!
Mabano ndani ya mabano ndani ya mabano,
mgonjwa aliyefungwa bendeji na mtoto.
Ya tatu ukurasa mtupu,
namba za mistari pembeni, na kishale kinachopepesa
kama mtu anayekungoja umalize sentensi.
Sikuipenda.
Ila bando lilikwisha, nikabaki nayo.

Jumatano, picha hazionekani. Hata moja.
Saa nne nzima, hadi nikagundua:
faili nimeliita Baiskeli, kwa herufi kubwa,
kwenye msimbo nimeandika baiskeli, kwa ndogo.
Mfumo wa zamani ulikuwa ukinifichia aibu.
Huu wasema: huyo mimi simjui.
Nikatukana kwa Kibondei, lugha ya mama,
niliyoiweka kwa mambo mazito.

Nikaenda kwa Sechambo kumrudishia pesa yake.
Nikamkuta amechuchumaa. Kijana wake Kaniki
anahangaika na spana kwenye pedali, mishipa imemtoka shingoni.
"Imeshika kutu, fundi."
"Haina kutu. Hiyo ya kushoto. Yafunguliwa kinyume.
Hapo unaikaza."
Kijana kageuza mkono. Ikalegea kama kifuniko cha chupa.
"Sasa kwa nini wakaifanya hivyo?"
"Isifunguke ukiwa njiani." Kanigeukia:
"Miezi mitatu namwambia huyu. Wewe ulikuwa wasemaje?"

Nikasema nimekuja kununua kiraka.
Sina baiskeli.

Usiku nikaufungua ule ukurasa mtupu.
Nikabatiza mafaili yote upya kwa herufi ndogo,
nikaandika kila mstari kwa mkono wangu,
nikijua kila bano lilipofunguliwa na lilipofungwa.
Kwenye saa tisa baiskeli zikaanza kutokea,
moja, nyingine, ile nyekundu ya kike mwisho.
Mkono ukaenda kulia. Ukasimama.
Ukavuka skrini nzima, taratibu, kushoto.

Jumamosi nikampa Sechambo simu atazame.
Kainyoosha mbali na uso, kaivuta karibu, kainyoosha tena.
"Namba," kasema, "bado ndogo."